Solo huanzia sikioni

Nilishika gita la solo nikiwa na miaka 41, na karibu mwaka wote wa kwanza uliishia kwenye kukariri skeli, yaani nota zinazopangwa kwa mfuatano wa kupanda na kushuka. Pentatoniki ya A maina, nota zake tano, A, C, D, E na G, nilizipanda na kuzishuka kuanzia freti ya tano (freti ni vijiti vya chuma vilivyo kwenye shingo ya gita) kila jioni, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikizidi kwenda mbio. Vidole vikawa vyepesi kweli. Lakini nikiweka muziki nijaribu kupiga solo juu yake, kinachotoka ni skeli ileile, inapanda, inashuka.

Naamini sisi tunaojifunza ukubwani tunahangaika na vidole wakati utajiri wetu uko masikioni. Mtoto wa miaka 12 atatushinda kwa wepesi na kwa muda wa mazoezi, hilo halina ubishi. Ila mtu mzima ameshasikiliza muziki miaka mingi, na solo anazozipenda anaweza kuziimba kwa mdomo mwanzo hadi mwisho huku anaosha vyombo. Hiyo ndiyo mali ya kuanzia.

Kilichonibadilisha ni zoezi dogo tu. Piga uzi wa pili, ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, freti ya tano: hiyo ni E. Isikilize mpaka itulie kichwani. Kisha weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya saba, ambayo ni D, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kukisaidia, halafu vuta uzi kwa upande, bila kuuachia, mpaka D ipande na kufika kwenye E ile uliyoisikia. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kinachozunguka, kama unafungua kitasa, dole gumba likiwa limeshika shingo ya gita kwa juu. Mara nyingi utaishia chini kidogo, na utasikia kabisa kwamba haijafika, inauma sikio. Rudia. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuifikisha mara tano mfululizo. (Kama nyuzi zako ni nene, badilisha, seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009 huvutika kwa urahisi kuliko ya 0.011, na vidole vitakushukuru.)

Msikilize B.B. King, mpiga gita wa muziki wa blues. Anavuta nota moja, anaitetemesha, anaiacha ilie, kisha ananyamaza. Kimya kile nacho ni sehemu ya solo, na sisi wanafunzi tunakiogopa mno, tunakijaza nota.

Siku hizi sigusi gita kabla sijaimba. Naimba kipande kifupi, nakitafuta kwenye nyuzi, nakirudia polepole mpaka gita liseme nilichoimba. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Sasa hivi nina nota nne za mwanzo wa solo ninayoipenda tangu ujanani. Tatu zimekubali, ya nne ni ya kuvuta, na leo usiku narudi kwake.