Usiiruke albamu ya kwanza ya Death

Jumamosi tulikuwa kwa rafiki yangu Tabata, tunasubiri chakula. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akauliza swali nililolingoja tangu nilipogundua anasikiliza metali kimyakimya na visikizio vyake: "Kaka, hawa Death naanzia wapi?" Death ni bendi ya Marekani ya death metal, metali ya sauti ya kukwaruza na magitaa mazito. Sijafungua mdomo, mwenye nyumba akanijibia. "Anza na albamu ya Human. Ile ya kwanza iruke tu, mambo ya kitoto yale."

Nikanyamaza kwa heshima ya nyumba ya watu. Lakini neno lile nimelala nalo siku tatu, na leo nalitoa.

Albamu hiyo ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka Mei 1987, Combat Records ndio waliotoa. Chuck Schuldiner, mwanzilishi wa Death, alikuwa na miaka 19 walipoirekodi. Aliimba yeye. Gitaa la solo yeye, la rithim yeye, la besi yeye. Aliyebaki alikuwa Chris Reifert kwenye dramu, kijana ambaye hata 18 hajafikisha. Basi, wawili. Kwenye albamu utaona limetajwa jina la John Hand kwenye gitaa la rithim, lakini hakupiga hata noti moja. Walianza kurekodi Florida, kazi ile ikaachwa, wakaanza upya California chini ya mtayarishaji Randy Burns. Ukishajua hayo, rudia kuisikiliza halafu uniambie utoto uko wapi.

Sawa, Human ya 1991 imepigwa kwa ufundi mkubwa zaidi. Nakubali. Ukiwa na Sean Reinert kwenye dramu na Steve DiGiorgio kwenye besi, huwezi kutoa kitu cha ovyo. Nakubali pia kwamba bendi ya Possessed walitangulia na albamu ya Seven Churches mwaka 1985, tena chini ya Randy Burns huyohuyo, na wimbo wao wa mwisho mle ndani unaitwa "Death Metal". Chuck mwenyewe hakupenda kuitwa baba wa muziki huu. Hayo yote yapo, na hakuna hata moja linalokupa ruhusa ya kuruka.

Kwa sababu kinachobishaniwa hapa si nani alipiga vizuri zaidi. Possessed bado ukiwasikiliza unasikia thrashi (metali ya kasi iliyotangulia hii) iliyokasirika, kasi yao bado inakimbilia kulekule walikokuwa wanakimbilia wenzao wa California. Kwenye Scream Bloody Gore kuna kitu kimehama. Sikiliza "Infernal Death" inavyofungua: gitaa linatembea polepole, zito, kama watu waliobeba jeneza, halafu ghafla linachomoka mbio. Sikiliza sauti. Haipigi kelele kwa hasira ya mtaani, inatoka chini kooni, imekauka, inakwaruza, na bado maneno unayasikia moja moja. Halafu njoo "Zombie Ritual", wimbo wa pili. Kabla fujo haijaanza, gitaa linacheza wimbo, wimbo kabisa, unaoweza kuuimba kwa mluzi ukiwa unaosha vyombo. Huyo ndiye Chuck wa miaka kumi na moja yote iliyofuata, mtu asiyekubali kwamba ukali na uzuri wa sauti havikai nyumba moja. "Evil Dead" inaanza vilevile. Watu wanasifu melodia za Symbolic, albamu yao ya 1995, kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni mwaka ule. Zilikuwepo tangu akiwa na miaka 19, na kabla ya hapo zilikuwepo kwenye kaseti za majaribio, zile ambazo mashabiki walikuwa wanarekodiana nyumbani na kutumiana kwa posta kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kaseti hizo zinanigusa mimi binafsi. Tuliokua miaka ya tisini tunakumbuka kibanda cha kurekodi kaseti pale stendi, unapeleka TDK yako tupu na orodha kwenye karatasi, unarudi kesho. Sauti ilikuwa imefifia kwa kunakiliwa mara nyingi, na tuliipenda hivyohivyo. Ndiyo maana mtu akiniambia albamu hii "haikurekodiwa safi", namwelewa, ila hanishawishi.

Mashairi? Ni filamu za kutisha: mizoga inayofufuka, damu, matumbo. Kuna mistari siitetei na sitaitetea. Jalada alilochora Ed Repka nalo ni lilelile, mifupa imevaa majoho, imeshika vikombe. Shangazi yangu aliwahi kuona jina la bendi kwenye fulana yangu akaniomba niivue, kwamba mtu anavaaje neno Kifo kifuani. Nikamkumbusha kuwa Remmy Ongala aliimba Kifo na yeye alicheza. Akacheka, lakini fulana niliivua.

Ila hapo kwenye kifo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Chuck alikuwa na miaka tisa alipofiwa na kaka yake mwenye miaka 16. Wazazi wake wakamnunulia gitaa ili apate pa kupitishia majonzi. Akapelekwa kwa mwalimu wa gitaa la klasiki, hakudumu, akaacha, akaendelea peke yake chumbani. Sisemi nyimbo hizi zinamhusu kaka yake. Hazimhusu, zinahusu filamu alizozipenda. Nasema mikono inayopiga mle ndani ni ya mtoto aliyekabidhiwa gitaa kwa sababu ya msiba, na miaka kumi baadaye hajaliweka chini.

Mimi nilimzika kaka yangu nikiwa kidato cha pili. Watu walinipa pole, wakaniambia nijikaze, mwanaume halii. Walikuwa na nia njema. Hakuna aliyenipa kitu cha kushika. Niliipata albamu hii mwaka mmoja baadaye kwenye kaseti ya kunakili, bila jalada, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Sikuelewa hata robo ya maneno. Nilielewa kwamba kuna mtu, mbali sana na kwetu, amekitazama kifo usoni akakipigia kelele kwa sauti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukiniambia ni mambo ya kitoto, ndiyo, nilikuwa mtoto, na Chuck alikuwa amepita tu utoto, na hakuna mtu mzima aliyekuwa ametupa kitu bora zaidi ya hicho.

Baada ya albamu kutoka, Reifert alibaki California akaanzisha bendi ya Autopsy. Chuck akarudi Florida, na mwaka uliofuata ikatoka albamu ya pili, Leprosy, iliyorekodiwa studio ya Morrisound pale Tampa. Wanaoufuata muziki huu wanaijua hadithi: zikaja bendi za Obituary, Morbid Angel, Deicide, jimbo zima likageuka kiwanda cha death metal.

Na kama ushahidi wangu hautoshi, chukueni wa mwenyewe. Desemba 1998, Los Angeles, Death wanapiga onyesho ambalo baadaye lilitolewa kama albamu. Chuck ana miaka 31, ana albamu saba, ana wanamuziki wanaoweza kupiga chochote atakachowapa. Angeweza kuuona muziki ule wa ujana wake ni aibu. Katikati ya nyimbo zile ngumu za miaka ya tisini, akapiga "Zombie Ritual". Miezi mitano baadaye, siku ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka 32, aliambiwa ana uvimbe kwenye ubongo. Bima ikaleta shida, mashabiki na wanamuziki wenzake wakachanga. Akafariki tarehe 13 Desemba 2001, ana miaka 34.

Yeye hakuiruka. Sisi ni nani?

Jumatatu usiku nilimtumia mdogo wangu nyimbo zote kumi, kwa mpangilio wake, nikamwandikia: kaa nazo dakika arobaini, zima taa, usiguse simu. Sikumwambia lolote kuhusu kaka wa Chuck wala kuhusu kaka yangu. Saa sita kasoro akajibu: "Kaka, huu wa pili naurudia mara ya nne."