Kabla ya Kumhukumu Rubani
Juzi, tukinywa kahawa barazani Ngamiani hapa Tanga, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu habari ya ndege ndogo iliyoanguka ikikokota bango la tangazo, na kabla vikombe havijapoa hukumu ilishatolewa: rubani hakuijua kazi. Sikukubali. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema wazi kwamba ajali ya ndege huchunguzwa ili nyingine isitokee, si kumtafuta wa kulaumiwa, na kazi hii ya kukokota mabango angani inastahili kutazamwa hivyo.

Wengi hudhani ndege hupaa na bango lake, lakini mara nyingi sivyo. Bango hulazwa kwenye nyasi, kitanzi cha kamba yake kikatundikwa juu ya nguzo mbili; rubani hupaa bila mzigo, kisha hurudi chini kabisa, kulabu ikining'inia nyuma ya mkia, akainasa kamba na papo hapo kuinua pua ya ndege ili bango linyanyuke bila kuburuzwa. Katika sekunde hizo kasi hupungua, na mabawa yakikosa upepo wa kuyabeba, ndege huporomoka ikiwa karibu na ardhi kiasi kwamba hata rubani hodari hana nafasi ya kuiokoa. Akivuka hapo, bado yuko chini na anakwenda polepole. Huko Fort Lauderdale, Marekani, tarehe 1 Machi 2019, ndege ya kazi hii iligonga ghorofa la makazi karibu na ufuo, na rubani wake akafariki.

Mzee mmoja, mvuvi wa Sahare, alisikiliza yote akauliza: "Mwanangu, kisu anakiweka wapi?" Yeye akikokota ngalawa iliyovunjika mlingoti, kisu hukaa kando ya goti lake, tayari kukata kamba. Nilimweleza kwamba rubani naye ana mpini wa kuliachia bango. Akauliza tena: "Na chini yake kuna nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Tangazo hufuata watu, kwa hiyo ndege hupelekwa palipo na umati, na rubani anayewaona watoto chini yake atasita kuuvuta mpini. Iwapo mfanyabiashara atataka kuileta kazi hii kwenye ufuo wetu wa Raskazone siku ya Idi, naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga isitoe kibali mpaka njia ya ndege ipangwe juu ya bahari, mbali na waogaji na vyombo vya wavuvi, na kusi ikivuma kwa nguvu, bango libaki limekunjwa.