Lushoto mnatulisha chipsi, kweli?

Nianze na juisi. Tumefika Lushoto saa kumi na moja jioni, mimi na mke wangu na shemeji, tumetoka Dar alfajiri, migongo imekufa ganzi, tukaingia kwenye lodji moja nzuri tu, ina bustani, ina maua, ukungu unaingia mpaka barazani, nikamwambia dada wa mapokezi naomba juisi ya matunda ya huku. Akaniuliza embe au mchanganyiko? Nikamwambia yoyote ile mradi iwe ya hapa. Akarudi na glasi tatu na boksi. Boksi jamani! Lile lile la dukani ambalo nimeliacha nusu kwenye friji Mbezi.

Na hapo nje ya geti, sidhani kama hatua hamsini zinafika, kuna mama amekaa na ndoo za plamsi, zile nyekundu zinazokaribia kuwa nyeusi, zimeiva mpaka nyingine zimepasuka na nyuki wanazunguka. Ilikuwa siku mbili tatu baada ya Krismasi, yaani msimu wenyewe, plamsi zimejaa mpaka zinaoza. Pichesi zipo, peasi zipo. Mimi nakunywa embe ya boksi.

Hilo ndo limenifanya niandike, maana siku nne nilizokaa kule nimeona jambo hilohilo kila ninapogeuka.

Kwa ambao hamjafika, Lushoto ipo mkoa wa Tanga, milima ya Usambara Magharibi. Unakwenda barabara ya Moshi mpaka Mombo, pale joto linakuchoma haswa, halafu unakata kulia unaanza kupanda. Kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, kushoto ukuta wa mwamba kulia korongo, konda anagawa vifuko kimya kimya na kila mtu anajua ni vya nini. Soni mnapita karibu kabisa na maporomoko, mnayaona mkiwa kwenye basi. Mkifika juu mpo kwenye mita kama 1,400 na masikio yameziba na mtu aliyekuwa anajipepea na gazeti Mombo sasa anatafuta sweta. Wajerumani waliipenda hali hii ya hewa mpaka mji wakauita Wilhelmstal, jina la mfalme wao. Walikuwa wanakimbia joto la chini kama sisi tu, tofauti sisi tunarudi Jumapili.

Sasa hoja yangu. Hii milima ndo inatulisha. Karoti, kabichi, hoho, koliflawa, letasi, viazi, nenda sokoni Dar uulize vimetoka wapi, vingi utaambiwa Lushoto. Usiku unasikia Fuso zinashuka zimejaa mpaka juu. Halafu mgeni anapanda mlima kwenda kulala katikati ya hayo mashamba, anafungua menyu, anakuta: chipsi kuku, chipsi mayai, chipsi mishkaki, wali kuku. Kuku mwenyewe wa kisasa, bila shaka kapanda mlima na basi kama mimi. Nikaomba mboga za pembeni, ikaja kabichi vijiko viwili, imekaangwa mpaka imesahau kwamba ilikuwa kabichi. Sahani 15,000. Kitu cha Lushoto kwenye ile meza kilikuwa viazi tu, navyo vimezamishwa kwenye mafuta havijulikani.

Nikamfuata mpishi jikoni, kwa upole tu, sikwenda kugombana. Kijana mstaarabu, msambaa wa hapohapo. Nikamwambia kaka hivi nyinyi nyumbani mnakula hivi? Akacheka sana. Akasema, "Sasa kaka, tukiwapikia makande si mtasema tumewapa chakula cha shule?"

Nilinyamaza, maana kweli. Mimi nimesoma bweni miaka minne na makande nimekula mpaka nikaapa, yale ya maharage yaliyotobolewa na wadudu, mahindi magumu unatafuna taya zinauma, unapanga foleni na sahani ya bati. Wengi wetu tuliosoma bweni hatuhesabu makande kama chakula, ni adhabu tuliyomaliza kuitumikia. Kwahiyo lodji nazo zina haki yake kidogo, zinatupikia kile tunachoagiza. Sisi wa Dar tukienda mahali tunataka mandhari ibadilike lakini sahani ibaki ileile.

Basi asubuhi yake mvua ilinyesha, ile ya manyunyu isiyokatika, tukashuka sokoni na mwavuli mmoja watu watatu. Nyuma ya soko kuna mabanda ya mama ntilie, tukaingia la kwanza kwa sababu lilikuwa na moshi, tulitaka moto tu kwakweli. Mama mtu mzima, khanga mbili na koti la kiume juu yake. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, karibuni, mmelowa. Sufuria lipo kwenye mafiga limefunikwa na jani la mgomba na juu ya jani mfuniko, nikauliza kuna nini, akasema makande, nimeyaweka tangu usiku. Mke wangu akaniangalia.

Ngoja niwaelezee vizuri kwa sababu nimeyafikiria sana tangu hapo. Mahindi yamekobolewa, yamechemka mpaka yamefunguka kama bisi lakini laini, ukibonyeza na ulimi yanaachia. Maharage mekundu yameanza kuvunjika na ule mchuzi wake umekuwa mzito wenyewe bila kuwekwa kitu. Karoti zimekatwa vipande vikubwa, tamu, sio ile karoti ya Dar iliyokaa siku tano kwenye gunia. Kitunguu. Basi. Akapakua bakuli tatu, akachukua parachichi moja kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, akalipasua, akatukwangulia wote watatu juu ya makande ya moto, parachichi likaanza kuyeyuka pembeni likawa kama siagi. Pilipili pembeni, chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Shemeji ambaye ndo aliyekuwa analalamika kwamba anataka soseji alirudia bakuli. Watu watatu tumekula na kurudia, hatukufikisha 10,000.

Mama akatuuliza tumefikia wapi, tukamtajia ile lodji, akasema ah, wale hununua karoti zangu. Lakini chakula chake hakuna aliyewahi kumuagiza. Ningekuwa na lodji Lushoto ningemchukua yule mama kesho yake asubuhi, mshahara apange mwenyewe.

Tuje kwenye kutembea, maana hapa napo nina la kusema. Irente kila mtu anaijua, ule mwamba unaochungulia bonde, mashamba ya mkonge ya Mazinde yapo chini huko yamepangwa mistari kama daftari, na ng'ambo nchi tambarare inayokwenda mpaka macho yanachoka. Kutoka mjini ni kama saa moja na nusu kwa miguu kama hukimbii. Lakini wengi wanafanyaje? Bodaboda mpaka mlangoni, picha arobaini, mikono juu, mgongo kwa kamera, dakika kumi na tano washaondoka. Nilihesabu kundi moja, walikuja saba, aliyekaa chini akaangalia bila simu alikuwa mtoto wa miaka kama sita, naye akaitwa akapige picha.

Nenda kwa miguu bwana. Njiani ndo kwenyewe. Unapita katikati ya mashamba yaliyoning'inia kwenye mteremko mpaka unajiuliza huyu analima hapa amejifunga kamba au vipi, watoto wanakusalimia, mzee anakuuliza unakwenda wapi hata kama barabara inakwenda sehemu moja tu. Na kabla ya kufika kwenye mwamba unapita Irente Farm, shamba la kanisa, wao angalau wameshaelewa: jibini wanatengeneza wenyewe, jemu wenyewe, mkate ule mweusi mzito wa Kijerumani, unakaa kwenye nyasi unakula. Mkate ule sio wa kila mtu, shemeji alisema unafanana na udongo, mimi niliupenda. Cha muhimu ni kwamba kilichopo kwenye sahani kinafanana na unachokiona ukiinua macho. Kuna na masista huko huko Lushoto wanatengeneza jemu na mvinyo wa matunda. Kwahiyo inawezekana, msiniambie haiwezekani.

Siku ya tatu tukaenda msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia ipo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipia kwa kontroo namba kama unavyolipia kila kitu cha serikali, unapewa kijana wa kukutembeza. Chukueni huyo kijana, msijifanye mnajua. Mimi ningepita chini ya mbega bila kuwaona, yeye akasimama tu akanyoosha kidole, juu kabisa kwenye mti wenye ndevu za kuvu wamekaa watano, weusi na yale manyoya meupe yananing'inia kama mashuka yameanikwa. Kimya kabisa. Wakatuangalia wakatuchoka.

Usiku ndo tukaenda kutafuta vinyonga. Hapa lazima niseme ukweli, mimi kinyonga namwogopa, nimekulia kwenye nyumba ambayo kinyonga akionekana watu wanahama chumba. Lakini Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na usiku ni rahisi kuwaona kwa sababu wakilala rangi yao inapauka, ukimulika tochi kwenye kichaka unaona kitu cheupe kwenye ncha ya tawi, mkia umekunjwa kama kamba iliyoviringishwa. Tukapata mwenye pembe mbili puani, mdogo, amelala fofofo. Nilimsogelea mpaka sentimita kama thelathini, ambayo kwa ukoo wetu ni rekodi.

Yule kijana ndo alitukumbusha kuhusu lile ua ambalo Wazungu wanaweka kwenye vyungu madirishani, African violet. Limetoka huku kwetu. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890 mwanzoni, mpaka jina la kisayansi wakalipa lake, Saintpaulia. Sasa hivi linauzwa dunia nzima. Nilipokuwa narudi lodji niliangalia mezani kwenye ukumbi wa chakula, kila meza ina kichungu cha ua. La plastiki.

Boha nalo. Boha ni pombe ya miwa ya huku, na kabla hamjanirukia, najua Lushoto ni mji wa watu wa dini, misikiti na makanisa kila kona, sisemi ikauzwe hovyo hotelini. Lakini kijijini wazee wanakunywa, na tulialikwa. Inakuja kwenye jagi la plastiki, ina povu jembamba, rangi kama maji ya mto baada ya mvua, ukinywa inaanza tamu halafu katikati inageuka uchachu halafu mwisho inabaki harufu ya muwa. Mzee mmoja akaniambia taratibu mwanangu, hii haigongi mlango. Kikombe cha pili nikaelewa alichomaanisha, njia tuliyopandia ilikuwa imekuwa nyembamba zaidi wakati wa kushuka. Kama boha hamtaki, sawa, basi mtukamulie hiyo miwa yenyewe. Muwa, ndimu, tangawizi. Hata hiyo sikuikuta kwenye menyu hata moja.

Mtae sikufika. Wanasema ndo pazuri kuliko pote, kijiji kimekaa kwenye ukingo kabisa wa milima, ila njia ni ndefu na mvua ilishaharibu, dereva akatupa bei na uso wa kutukatisha tamaa kwa pamoja. Itakuwa safari nyingine. Na mkienda Juni Julai bebeni makoti ya ukweli, sio hivyo visweta vya ofisini.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka getini nikanunua plamsi sado moja kwa yule mama wa kwanza, nikaenda nazo jikoni kwa yule mpishi, nikamwomba tu, kaka nisagie hizi, weka tangawizi na sukari kidogo. Akatoa kokwa, akasaga, akachuja. Ikaja kwenye jagi la kioo, rangi ya zambarau iliyokolea na povu la pinki juu, kali kidogo mpaka shavu linaingia ndani. Meza ya pembeni walikuwa familia, baba mama na watoto watatu, wana boksi lao la embe mezani. Yule baba akageuka akaangalia jagi letu, akamwita dada.

"Samahani, hiyo juisi gani?"

"Hiyo haipo kwenye menyu," dada akamjibu. "Ni ya huyo kaka."

Nikawamiminia wale watoto glasi moja moja, jagi likaisha. Bili ilipokuja niliipitia mstari kwa mstari kama kawaida yangu, na chini kabisa, kwa mkono, kwa peni ya bluu, walikuwa wameandika: kusaga, 2,000.