Padre mwenye ndege sio lazima awe tapeli

Mimi nakaa Kiwalani, ndege kwetu ni kelele tu, inapita juu ya bati mpaka uliye naye kwenye simu unamwambia subiri kwanza ipite. Kwahiyo ukisema "mchungaji ana ndege" kwa mtu wa huku, picha inayokuja ni nabii wa suti na mabaunsa, waumini wamechangishwa mpaka nauli ya daladala. Juzi baada ya misa nikawahadithia washkaji kwamba Australia kuna wachungaji wanaorusha ndege wenyewe, wakacheka weee, eti kumbe na huko wapo!

Hapana jamani. Kule ndani kuna ranchi inaitwa Anna Creek, ukubwa wake ni zaidi ya mara 10 ya mkoa wetu wa Dar, na wanaoishi humo ni wachache tu, jirani ni safari. Sasa ukame ukipiga, ng'ombe wanakufa, mzee wa watu anakaa na mawazo yake peke yake, nani atamfikia? Na wale madaktari wa kule wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, walioanza 1928, aliyewapigania ni mchungaji, John Flynn wa Presbiteri. Jeshi la Wokovu nao wana mchungaji wao anayeruka na ndege kutokea Darwin, wenyewe wanamwita padre, akitua anaweza kushika spana akasaidia kufunga pampu, maongezi yenyewe yanakuja baadaye kwenye chai. Hapo ndo mimi nilipompenda, maana wetu wengi wanaanza na mahubiri halafu wanamalizia na bahasha.

Najua mtasema ndege ghali, si wapige simu tu. Sawa, ila bibi yangu alifia kijijini huko Ulanga, enzi hizo Kilombero unavuka kwa pantoni, masika imekolea, parokiani mbali na padre ana pikipiki moja na vigango kibao. Tulituma ujumbe aje ampake mafuta. Hakufika. Katekista ndo alimzika, alijitahidi masikini, ila babu alikuwa anageuka kila pikipiki ikisikika barabarani, hata ya muuza samaki.

Padre alikuja siku ya tatu, matope mpaka magotini, kiatu kimoja kimeachama. Sisi wajukuu tulishamnunia kabisa. Akampa babu pole, akavuta kigoda, babu alikuwa anapukuchua mahindi, na yeye akachukua gunzi akaanza kupukuchua, hakuna hata neno, hivyohivyo mpaka giza likaingia. Usiku nikawasikia wanacheka, sijui walikuwa wanaongelea nini.

Babu mpaka anaondoka duniani jina lake hakuwahi kulishika, alikuwa anasema tu "yule padre wa mahindi, mlimpa uji?"