Tarumbeta Lisilokuwamo Kwenye Wimbo

Naandika haya nikiwa na plasta mbili gotini, si kwa kupenda, bali kwa sababu sahibu yangu mmoja ameshatangulia kuisimulia habari hii katika kila kundi la simu alilomo, na katika simulizi yake nimeizunguka raundabauti ya Michenzani, hapa Unguja, mara tatu. Si kweli. Niliizunguka mara moja na nusu, na ile nusu sikuimaliza nikiwa juu ya baskeli. Wale mlioiona video, naomba mnivumilie. Ambao hamjaiona, heri yenu, msiitafute.

Chanzo ni duka moja la vifaa vya simu pale Darajani, nilikokwenda kutafuta spika za masikioni za kusikilizia taarabu njiani. Kijana wa duka, na hapa lazima nimtendee haki, alinionya. Alinitandazia aina tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa mkanda mwepesi unaopita nyuma ya kisogo, usioingia sikioni kabisa, bali unakaa kwenye mfupa wa shavu na kuutikisa, sauti ikasafiri kwa njia ya mfupa hadi sikio la ndani huku tundu la sikio likibaki wazi. Ya pili ilikaa mlangoni mwa sikio bila ya kuliziba. Ya tatu ilikuwa na vimpira laini vinavyoziba kama kizibo cha chupa, na juu ya hayo ina uwezo wa kuzima kelele: vipaza sauti vyake vidogo husikiliza kelele ya nje, kisha chombo hutengeneza sauti iliyo kinyume chake, zikakutana zikauana.

"Hizi ni za ndani ya ndege, mwalimu, si za baskeli," aliniambia. "Kelele inayozimwa vizuri zaidi ni ile nzito isiyokatika, kama mngurumo wa injini."

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni mngurumo gani hasa ambao mpanda baskeli anauhitaji kuliko huo. Mimi nilichokisikia ni "vizuri zaidi". Nilijaribu ule mkanda wa mfupani, nikaiona besi yake nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nilipovaa zile za tatu, Darajani nzima, pamoja na wanaonadi samaki na makonda wanaogombania abiria, ikanyamaza kama iliyoshushiwa pazia, na fidla ikaanza kulia katikati ya kichwa changu. Nikalipa shilingi 95,000 bila ya kuomba hata kupunguziwa. Kijana akanisihi angalau nifungue ile hali ya kupitisha sauti za nje kila nipandapo baskeli. Niliifungua, wallahi, kwa muda wa dakika mbili. Upepo ukavuma ndani ya vile vipaza sauti kama kusi la mwezi wa Julai, nikaifunga na sikuifungua tena.

Basi ilikuwa Jumapili baada ya Alasiri, nikiteremka kutoka Amani kuelekea Michenzani, masikioni mwangu ikiimba Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha tangu 1905 ambacho mimi hukisikiliza kwa heshima inayostahiki umri huo. Wimbo wenyewe ninaujua kuliko namba yangu ya simu. Una fidla, una qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, una akodiani, na una pale mahali ambapo waitikiaji huingia, ambapo hakuna binadamu anayeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Niliimba kwa sauti ambayo nilidhani ni ya wastani, maana mtu aliyezibwa masikio hana njia ya kuijua sauti yake mwenyewe. Waliokuwapo wanasema ilifika ghorofa ya nne.

Sasa hapa ndipo ninapoomba muende nami polepole.

Nikiwa baina ya yale maghorofa marefu, nikaanza kusikia tarumbeta. Kwa mbali, chini kabisa ya fidla, tarumbeta. Nikajiambia: subhanallah, miaka yote hii naupenda wimbo huu na kumbe ndani yake mna tarumbeta! Nikazidisha sauti ili nilisikie vizuri. (Ndiyo, najua. Faida ya kuzima kelele ni kwamba mtu hahitaji kupandisha sauti. Nilipandisha.) Nikaisifu moyoni ile shilingi 95,000, kwamba hivi ndivyo vyombo vinavyomtolea mtu hata kilichojificha. Baadaye nikasikia na ngoma, nayo haikuwa ikienda sawa na mapigo ya wimbo, nikawahurumia wazee wale kwamba siku ya kurekodi labda mpigaji wao alikuwa na homa.

Watu wakaanza kunipungia mikono kutoka varandani. Nikawapungia. Kwenye baraza, mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha kahawa akasimama, akagusa sikio lake, kisha akaonyesha nyuma yangu kwa kidole. Nikafahamu kwamba anazisifia spika, nikamwinamishia kichwa kwa adabu na kuweka mkono kifuani. Watoto wakawa wanakimbia ubavuni mwangu wakicheka na kurukaruka. Mcheza kwao hutunzwa, nikajisemea, nikaachia usukani kwa mkono mmoja na kuanza kuyumba taratibu, kulia na kushoto, nikiwa nimejitandaza katikati ya njia kama bwana wa mji.

Nikaingia kwenye raundabauti. Wimbo ulikuwa haujaisha, na mimi nikaona ni dhulma kuukatisha, kwa hiyo badala ya kutoka nikaongeza mzunguko.

Kisha wimbo ukaisha. Ukimya ukaingia. Tarumbeta halikuisha.

Nikageuza shingo. Hatua tatu nyuma ya keria yangu palikuwa na pikapu, na juu ya pikapu beni kamili ya harusi, vijana sita wenye mashavu yaliyojaa upepo, na mmoja wao akinielekezea mdomo wa tarumbeta kana kwamba ananipigia mimi. Nyuma yao msafara wa magari yenye maua, taa zikiwaka mchana kweupe, na pembeni kijana amechomoza nusu ya mwili dirishani akiwa na kamera. Dereva wa pikapu aliniambia baadaye kwamba alipiga honi tangu Amani mpaka akachoka, na alipoona ninavyocheza akakata shauri kwamba bila shaka nimekodiwa na upande wa bwana harusi, ndiyo maana hata kwenye raundabauti alinifuata.

Gurudumu la mbele likagonga ukingo. Nakumbuka kandambili yangu ya kushoto ikipita mbele ya macho yangu. Nakumbuka spika ya kulia ikichomoka, na ulimwengu wote ukimiminika kwa mkupuo katika sikio lile moja: ngoma, honi, na juu ya yote vigelegele, kwa sababu akina mama wa gari la pili walidhani kule kuanguka ndiko kumalizia mchezo. Spika ikabingirika kwa utulivu mpaka chini ya pikapu, na gurudumu likapita juu yake. Mama mmoja akateremka, akanitia noti ya shilingi 2,000 kwenye mfuko wa shati, akarudi garini.

Mengine ni mafupi. Goti lilioshwa, baskeli ilinyooshwa usukani, bwana harusi alipiga simu kunijulia hali na kuniomba ruhusa ya kuniacha kwenye video. Shemeji yangu anayeishi Ufaransa naye akapiga, kunifahamisha kwamba huko tangu Julai 2015 mwenye kuziba masikio kwa spika juu ya baskeli hutozwa faini ya euro 135, na kwamba kwa bei hiyo mimi nimepata nafuu.

Niliporudi Darajani, yule kijana hakunicheka, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Alisema spika iliyobaki ni ya kushoto, na kwa kuwa huku tunapita kushoto na magari hutupita kwa kulia, gurudumu lile limechagua spika ya kuiponda kwa busara kuliko nilivyochagua mimi. Akaniwekea simu iunganishe sauti za pande zote mbili katika sikio moja, ili qanuni isipotee, nami nikaenda hivyo kwa wiki nzima kabla ya kusalimu amri na kununua ule mkanda wa mfupani. Besi ni ileile ya uji. Mashavu yananitekenya ngoma inapokolea. Lakini masikio yangu yako wazi, nasikia kengele, nasikia honi, na kila nikikata kona ya kuingia skuli nawasikia vizuri kabisa wanafunzi wangu wa darasa la saba, waliojipanga ukutani na kufumba ngumi mdomoni, wakinipigia tarumbeta.