Tusisahau aibu ya mtoto na vipindi vya michezo

Nakubaliana na mwandishi wa makala niliyoyasoma kwamba shule inaweza kupunguza unene wa kupindukia kwa watoto kwa kuwaelekeza taratibu badala ya kuwakataza. Matunda yakiwekwa mwanzoni mwa meza ya chakula, yakiwa yamekwisha kumenywa na kukatwa, na maji yakiwa karibu kuliko soda, mtoto huyachukua bila kuhubiriwa, fikra ambayo Richard Thaler, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2017, aliieneza pamoja na msomi wa sheria Cass Sunstein.

Nasikitika, hata hivyo, kwamba makala hayakugusia aibu. Kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake, au kumpa sahani ya peke yake, humjeruhi, na huenda akaanza kula kwa kujificha. Vilevile, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ilhali shule nyingi hufuta vipindi vya michezo mitihani inapokaribia. Ningewaomba walimu wakuu waanze kwa kuvirudisha vipindi hivyo kwenye ratiba.