Mbao kumi tu bosi

Fundi akishakwambia "bosi zimepungua kidogo tu" ujue siku yako imeisha. Kidogo tu maana yake mbao kumi za mbili kwa mbili na mikanda sita ya jipsam za siling ya nyumba ninayojenga, na hapo mzigo mkubwa ulishakuja na kirikuu, nikalipa, nikashusha mwenyewe maana dereva alisema makubaliano yalikuwa kuleta sio kushusha. Sasa kwa mbao kumi unaita kirikuu tena? Kirikuu haijali mbao kumi wala mbao mia, kutoka Dodoma mjini mpaka Nala kwenye ujenzi bei ni ileile, na jamaa akisikia Nala anaguna kwanza utadhani umemtuma Manyoni.

Ndo hapo kila mtu anakugeukia. Si una gari?

Ndio nina gari. Nina IST. Na tangu serikali ihamie huku 2016 kila mtu Dodoma anajenga, kwahiyo mwenye IST hahesabiwi tena kama mtu mwenye usafiri, anahesabiwa kama mwenye Fuso ambalo halijakua. IST toka bampa la mbele hadi la nyuma ni mita 3.8 na ushee, mbao ya futi 12 ni mita 3.66. Hapo hubebi mbao, unamlaza mtu juu ya mwenzie.

Mama watoto akasema mbona rahisi, laza siti upitishe ndani. Haya tulaze. Siti ya nyuma chini, ya mbele ya abiria chini, ncha za mbao zinagota dashibodi, mkia upo nje, buti haifungi unaikaza na kamba, na buti ikishakuwa wazi moshi wote wa ekzosi unarudi ndani kukusalimia, ukichanganya na lile vumbi letu la mwezi wa saba ambalo linaingia hata gari ikiwa imefungwa na vioo vimepandishwa, ukifika Nala huna rangi inayojulikana. Ukikata kona kushoto mbao zinakuja kwenye gia, ukikata kulia zinakwenda kupiga kioo. Nikamuuliza na wewe utakaa wapi? Akasema mi ntapanda daladala. Mnaona? Mtoa ushauri hayumo kwenye gari.

Fundi kwa simu anasema weka juu bosi, watu wanabeba kitanda cha sita kwa sita juu ya Vitz. Hao watu mimi sijawahi kukaa nao nikawauliza waliingiaje ndani. Maana gari haina keria, unapitisha kamba madirishani unaizungusha juu ya paa, unakaza vizuri, unajipongeza, afu unakumbuka milango haifunguki. Unatakiwa uingie kwa dirishani, na mimi na hiki kitambi, na suruali ya kazini, mbele ya vijana wa duka la mbao ambao wameshatoa simu. Kijana mmoja akasema mzee fungua milango kwanza, pitisha kamba, ndo ufunge. Sawa milango itafunguka, lakini kamba inakula raba ya mlango na Desemba mvua ikianza maji yanaingia mpaka kwenye redio. Naye kijana hayumo kwenye gari.

Nunua keria basi. Nilifikiria, sikatai. Ila IST paa lake halina reli, inabidi upate ile ya kubana kwenye kingo za milango, na zile za mtumba zilizopo kila unayoshika ni ya Noah. Na keria yenyewe sio chuma tu, ni tangazo la tenda. Siku ikionekana juu ya gari, viti vya msiba ni vyako, turubai la kipaimara ni lako, Januari matranka na magodoro ya watoto wa bweni wa mtaa mzima ni yako. Mafuta utaambiwa "tutaongea".

Sasa kuna shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, yupo Norway. Sijui nani alimpelekea hii habari (namjua) maana nikiwa bado nimesimama palepale juani zikaanza kuingia voisi. "Shem, hilo ni tatizo dogo sana, sisi huku tunabeba skii kila wikiendi." Skii ni zile za kutelezea kwenye theluji, mbili, nyembamba, ndefu karibia urefu wa mtu, na nyingi ndani yake mpaka leo ni mbao, kwahiyo jamaa akajiona fundi seremala kabisa. Akanipa darasa. Ukiziweka juu, ncha zilizopinda ziangalie nyuma ili upepo usizinyanyue. Ukiweka ndani zifunge, maana ukipiga breki wewe unasimama zenyewe zinaendelea na safari mpaka kisogoni. Ukiziacha wazi juu, ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inakula vyuma. Kwahiyo bora boksi la juu, kuna kampuni ya Sweden inaitwa Thule ipo tangu 1942, unaweka skii zako unafunga na ufunguo, unaenda zako mlimani.

Akanitumia na picha ya hilo boksi. Jamani. Ni jeneza jeusi linalong'aa juu ya gari. Hilo ukipita nalo Kizota boda wote wanapaki pembeni wanavua helmeti, wamama wanasimama, na ukifika Nala unakuta watu wameshaanza kukusanya rambirambi, uwaeleze kwamba ndani ni mikanda ya jipsam.

Nikamuuliza shem, na uzito? Akasema gari ndogo nyingi paa linabeba kilo 50 mpaka 75 hivi, angalia kitabu cha gari yako. Kitabu kipo, nimekitunza vizuri sana. Chote Kijapani. Nilichoelewa humo ni picha ya tairi.

Halafu akaanza kunipa moyo, eti shem usikate tamaa, hata Philip Boit Mkenya alienda Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye skii, akamaliza wa mwisho na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamsubiri pale mwisho wa mbio akamkumbatia. Habari nzuri, imenigusa, ila mimi hapa anayenisubiri mwisho wa safari ni trafiki, na hanisubiri anikumbatie. Mzigo ukizidi nyuma unatakiwa kitambaa chekundu. Sasa mimi ni mwana Yanga, nyumba nzima kuanzia kanga mpaka taulo hatuna kitu chekundu, kwa makusudi kabisa. Anayeweza kuniazima ni jirani wa Simba, na huyo atanipa jezi nzima, tena ataikunja vizuri akinikabidhi, afu atasimama barabarani kuniangalia nikiipeperusha toka mjini mpaka nyumbani. Bora faini.

Boda? Boda wapo tayari, boda hajawahi kushindwa kitu. Anafunga na mpira wa tyubu ubavuni, mkia unaburuza kwenye lami, mbao iliyoondoka futi 12 inafika futi 11. Na mikanda ya jipsam kwa boda usijaribu, mikanda ni chaki yenye maringo, tuta moja tu unapokea unga. Nikamsalimia kwa Kigogo mzee mmoja Mgogo amekaa pale kivulini, mbukwa mzee, nikamuuliza wewe ungefanyaje? Akaangalia mbao, akaangalia gari, akaniangalia mimi. Akasema ningekaa nyumba isiyo na siling. Huyu ndo pekee nilimheshimu siku ile.

Mwisho wa yote mbao zikapanda guta, mikanda nikailaza ndani ya IST juu ya godoro la mtoto, nikawa natembea nyuma ya guta taa za hatari zinawaka, barabara ya Singida, malori ya Rwanda na Burundi yanatupita yakitupulizia honi, guta linayumba, upepo nao hautaki mchezo. Yule wa guta mwanzo alisema bei "utaniangalia tu mzee", tulipofika akaniangalia yeye. Fundi akapokea mzigo, akahesabu, akajikuna kichwa. "Bosi misumari."

Usiku shemeji kapiga tena kwa furaha, anakuja Desemba, atashuka Dar apande SGR mpaka Dodoma, na amewabebea wajomba zake zawadi, skii zake za zamani, zina mita moja na themanini, kwahiyo shem njoo stesheni na IST. Nimemuuliza watatelezea wapi, kasema kwenye mchanga inawezekana. Mama watoto anacheka anasema mdogo wangu ana moyo. Nimemtumia namba ya jamaa wa guta, na nimemshauri ncha ziangalie nyuma.